Chama chetu kiko na laki 4 ya kusaidia wamama wa ushago, wengi wanataka ambulensi. Nisaidieni kuwakataza ama mnikataze mimi

Mwana_wa_Musyi

Wadau habari za jioni. Hii itakuwa ndefu kidogo, kama uko kwa mathree ukisoma chunga usipitishwe stegi.

Sisi ni watu 34 tunaishi hapa Nairobi, wengi Kayole na Umoja, lakini kwetu ni Kitui ile ya juu kabisa, unapanda basi kwa stegi ya Machakos Airport asubuhi unashuka jioni na bado hujafika, kuna nduthi tena. Chama kilianza kama cha mazishi, ukweli usemwe, kila mwezi soo tano, mtu akifiwa tunapeleka mwili nyumbani. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja tulienda kuzika shemeji ya mwenzetu, mama wa miaka 26, na mtoto wake mchanga. Sanduku moja. Hiyo sanduku moja ndio ilitumaliza, tukirudi hakuna mtu aliongea kwa basi mpaka Thika.

Venye tuliambiwa ni hivi. Uchungu ulianza saa mbili usiku siku ya Jumamosi. Dispensari iko kilomita 6 lakini Jumamosi na Jumapili imefungwa, sista ni mmoja tu na hana pa kulala hapo, amepanga tauni. Mtoto alitoka saa saba usiku nyumbani, mama mkwe na jirani ndio walikuwa naye, mtoto akalia kidogo akanyamaza. Halafu damu ikaanza, ikakataa kusimama. Nduthi ilipatikana saa tisa. Walifika kwa geti ya hospitali yenye iko na thieta kukipambazuka lakini walikuwa wamefika na mwili.

Hapo Thika ndio mzee mmoja alisema kwani sisi kazi yetu itakuwa kununua majeneza tu? Tangu hiyo siku tumechanga tofauti, sahii kuna laki 4 kwa akaunti. Katibu na mweka hazina wanataka ambulensi, tulipe diposti halafu tumalizie polepole, na iandikwe jina la chama ubavuni. Mimi roho inakataa lakini sina maneno ya kuwaambia. Mkutano ni Jumapili ya mwisho wa mwezi. Wenye mnajua hii maneno semeni.

Bw_Bajeti

Poleni sana kwa msiba.

Ambulensi hapana. Laki 4 ni diposti ya shida. Ukishanunua unataka madereva wawili, mmoja wa mchana mmoja wa usiku, ama mmekubaliana na wamama wazae mchana tu? Mafuta, bima, tairi za ile barabara yenu, na mtu wa kukaa nyuma na mgonjwa anayejua kazi, bila huyo mtu hiyo ni matatu yenye king'ora. Tangu afya iende kwa kaunti 2013 ambulensi zimenunuliwa mingi, zimekatiwa utepe mbele ya kamera, ingia yadi za serikali uone ngapi zimepandishwa juu ya mawe zikingoja speya. Hao wako na bajeti ya mabilioni na zinawashinda, nyinyi ni watu 34 wa soo tano.

Kamwana_ka_Eastlands

Mimi nitasema kitu hamtapenda. Tunaongeza chumvi hii mambo ya hosi. Shosho yangu alizaa watoto 9 kwa nyumba, bila ambulensi bila SHA hii bima ya afya ya serikali, bila kitabu cha kliniki, mkunga alikuwa jirani na wote wako, mdogo ndio mathe yangu. Watu wa zamani walikuwa na nguvu, sahii mtu akihisi tumbo kidogo anataka kupasuliwa.

Mama_Mapacha

@Kamwana_ka_Eastlands kakangu, walikuwa 9 ama 9 ndio walibaki? Muulize shosho polepole siku moja mkiwa wawili, usiulize mbele ya watu.

NduthiBoss

Nimekuwa nikibeba hizo safari miaka mitatu huko ushago kabla nije Kayole kwa hivyo niongee kama mwenye kiti alikalia mwenyewe 😅

Usiku mtu akipigiwa simu "kuna mama anazaa" kuna mambo matatu anafikiria kabla ashike kiki. Moja, hii barabara nitaibiwa pikipiki? Mbili, akizalia njiani ama akifia njiani nitasema nini? Tatu, nani analipa? Juu mara mingi bwanake yuko Nairobi ama Mombasa, simu imezimwa, mama mkwe anakuambia "mwanangu atakutumia kesho". Kesho haijawahi kufika. Niko na deni za watu mpaka leo, mtoto nilimbeba akiwa kwa tumbo yuko darasa la pili.

Na hamjui venye tunabeba. Mama katikati, mtu nyuma amemshika asianguke, mshikaki, mawe na mchanga, kila tuta anapiga nduru na wewe unajua ukienda polepole anachelewa na ukienda mbio anaumia. Hiyo saa tisa ya huyo jamaa msidhani alikuwa amelala. Pengine ni wa nne kupigiwa.

Mkilipa nduthi vizuri, pesa iwe iko mahali na kila msee ajue iko, hamtawahi kosa mtu wa kubeba. Hiyo ni ya bei rahisi kuliko gari.

Sista_wa_Zamu

Nimeona huu uzi nikiwa kwa zamu nikasema nisijibu, lakini imenikatalia.

Nimefanya dispensari ya ushago miaka 5 kabla nirudi Nairobi, sitaji wapi. Mnaongea barabara, sawa, lakini kile kiliua huyo mama ni damu, na damu ya baada ya kuzaa ndio inaua wamama kuliko kitu kingine chochote. Haina subira. Mama mzima mwenye afya anaweza kuisha kwa masaa mawili, kwa hivyo hata mngekuwa na helikopta ikachukua masaa matatu mngebeba mwili tu. Lazima kitu kifanyike pale pale mtoto anatoka.

Mtoto akishatoka, mfuko wa uzazi unafaa ujikaze wenyewe ufunge mishipa. Usipojikaza, inamwagika kama bomba. Kuna sindano ya oksitosini, unadunga mama kwa paja dakika hiyo hiyo, si ghali, na inasaidia sana. Shida yake ni baridi, inataka digrii 2 mpaka 8. Ikiwekwa kwa kabati na ile joto ya huko inakufa polepole na chupa inakaa vile vile, hujui. Mimi nimewahi kudunga kitu nikijua ni dawa kumbe ni maji. Friji ya chanjo ilikuwepo kwa chumba kingine, lakini nilipofika nilikuta wanasema hiyo friji ni ya chanjo tu. Dawa iko kwa kabati, friji iko kando, mama yuko kitandani. Siku hizi kuna kabetosini yenye haiogopi joto, na kuna vidonge vya misoprostoli, lakini hupati kila mahali.

Kuna kitu kingine mtu asiwaambie ni teknolojia ya wazungu. Ule utafiti wa E-MOTIVE ulifanywa hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, matokeo yakatoka 2023. Wanaweka chini ya mama plastiki yenye mfuko umechorwa mistari, damu inaingia humo unasoma ni kiasi gani, huambiwi "hii ni kidogo" na mtu anaangalia kwa macho. Ikifika mstari hungoji, unafanya zote kwa pamoja, kukanda tumbo, oksitosini, dawa ya TXA ya kusaidia damu igande, maji ya mshipa, na kuangalia kama amechanika ama kondo limebaki ndani. Kutoka damu kwa hatari kulipungua kwa asilimia 60. Plastiki yenye mistari jamani, tulikuwa tunakisia miaka yote.

Sasa hiyo yote inataka mtu awe pale saa saba usiku. Huyo sista wenu msimlaumu kabla mjue analala wapi. Nyumba ya stafu kwetu ilikuwa na popo na haina mlango. Nililala chumba cha chanjo miezi minane, maji nanunua mtungi kwa punda, usiku nazalisha na tochi ya simu nimeiuma kwa meno, mpaka siku moja mlevi akavunja dirisha nikaenda kupanga tauni. Watu wakasema sista ameacha kazi. Asubuhi saa mbili nilikuwa pale kila siku.

Tengenezeni nyumba. Sio wodi mpya, wodi za kufunguliwa na mheshimiwa ziko zimejaa mbuzi. Nyumba ya kulala, taa, maji, mlango wenye kufuli.

Mwana_wa_Musyi

Sista asante sana, nimesoma mara mbili. Hiyo nyumba iko!! Mbele ya dispensari kuna kanyumba ka mawe kalijengwa zamani, mabati yameng'olewa na upepo, sisi tulikuwa tunajificha mvua hapo tukitoka shule. Sijawahi fikiria ni ya sista.

Lakini swali, ni mmoja. Hata tukimjengea ghorofa si atataka kulala?

Sista_wa_Zamu

Umeuliza vizuri. Mtu mmoja masaa 24 siku 7 hawezi, atakuwa anazalisha akiwa amelewa usingizi. Ndio nasema tengenezeni vyumba viwili vya watu wawili tofauti, na kabla mpige hata msumari mmoja mwende na kamati ya dispensari kwa ofisi ya afya ya kaunti ndogo mpate barua kwamba nyumba ikiisha wataleta wa pili. Kila mara jibu lao ni "hakuna pa kumweka". Mkiwa na nyumba hiyo sababu imeisha, watafute ingine.

Na huyo mtoto wa "akalia kidogo akanyamaza" amenikaa. KDHS ya 2022, ule utafiti wa afya wa nchi nzima, inasema kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa Kenya, 41 hawafiki miaka mitano, na 21 wa hao wanaenda mwezi wa kwanza. Yaani nusu. Mtoto kama huyo anataka mtu mwenye ambu, ile mpira ya kufinya, ampulizie hewa dakika ya kwanza. Iko kwa droo ya dispensari nyingi tu. Imefungiwa.

Bw_Bajeti

Halafu mtu asije akasema wamama hawaendi hosi. 2014 waliozalia hosi walikuwa asilimia 61, 2022 wakawa 82. Watu walisikia, wakaenda, hasa baada ya ile tangazo ya Madaraka 2013 kuzaa ikawa bure kwa hosi za serikali. Lakini wamama wanaokufa, hesabu ya sensa ya 2019 ilikuwa bado 355 kwa kila laki moja ya watoto wanaozaliwa, na 2014 ilikuwa 362. Angalia hizo namba mbili kando kando. Tumewaleta mpaka mlangoni, ndani hakujabadilika vile tulidhani.

Kijana_wa_Lodwar

Naheshimu sista lakini hiyo ya nyumba ni ya watu wenye boma moja. Kwetu Turkana mama akiwa na mimba ya miezi saba anaweza kuwa amehama na mifugo mahali hakuna network, dispensari ya kilomita 6 kwetu ni jirani, kuna watu wako kilomita 40. Huko yenye nimeona inafanya ni kibanda cha kungojea, unajenga karibu na hosi manyatta kabisa ya kwetu sio ya mawe, mama mwenye mimba ya hatari anakuja wiki mbili kabla na mtu wake, anapika chakula chake anangoja.

Na ulizeni kwa nini wengine wanakataa hosi hata ikiwa karibu. Wanaambiwa lala chali, miguu juu, mbele ya kijana wa umri wa mtoto wake, na anagombezwa. Mama zetu wanazaa wakichuchumaa wameshikwa mgongo na mama mkubwa. Hosi yenye ilikubali mama achuchumae na mkunga akae naye amshike, ilijaa. Uji ukiwa tayari akimaliza, ndio kabisa.

Mama_Mapacha

@Kijana_wa_Lodwar si Turkana peke yake, hapa Nairobi pia tunagombezwa sana tu. "Ulipokuwa unafanya ulikuwa unalia hivi?" Nani hajawahi sikia hiyo. Mimi nilizaa mapacha wa kilo moja na nusu kila mmoja, sista mmoja alinitusi mwingine akanifundisha kuwafunga kifuani ngozi kwa ngozi, mmoja mchana kwangu mwingine kwa babake, bwanangu alikaa kwa wodi ya wamama ametoa shati anaangaliwa na kila mtu. Wako darasa la tatu. Huyo wa pili sijawahi jua jina lake.

CHP_na_Begi

Niongee kwa ufupi juu bando inaisha. Mimi ni CHP, mhudumu wa afya wa mtaani, tulipewa mabegi 2023 tukiwa zaidi ya laki moja nchi nzima, kuna mashini ya presha, ya sukari, mizani, na utepe wa kupima mkono wa mtoto. Niko na nyumba karibu 100. Marupurupu ni 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu nusu kaunti, na siongei zaidi hapo.

Mimba zote za mtaa wangu nazijua, nani yuko na miezi mingapi, nani kichwa kinamuuma na uso umefura, huyo namwambia leo sio kesho, juu presha ya mimba haingoji kliniki ya Jumanne. Juzi nimepata mmoja 170 kwa 110 anachota maji mtoni anasema ni uchovu. Kama mnataka pesa ya nduthi isiibiwe muweke kwa CHP na kamati, orodha ya mama wa mwezi huo iandikwe na nduthi yake ijulikane kabla. Sio kutafuta nduthi saa saba usiku. Tanzania waliifanya na madereva wa kawaida, walianzia upande wa Shinyanga, inaitwa m-mama, unapiga 115 bure mtu wa simu anakutafutia ambulensi, ikikosekana anatuma dereva wa mtaa na analipwa.

NduthiBoss

Huyo mama wa begi apewe kura. Lakini wekeni sheria, mtu analipwa akifikisha na sista aseme amemuona. Kwetu kulikuwa na hela kama hiyo ya mheshimiwa fulani, msee mmoja alikuwa anabeba mpaka walevi anasema ni wajawazito. Mwezi mmoja kijiji chetu kilizaa kuliko ile hosi ya wazazi ya Pumwani 😂

Kasee_ka_Kayole

Na SHA? Si mngelipia wamama tu hiyo SHA mkaacha hii stori ya mabati

Bw_Bajeti

Hesabu ni hii. Linda Mama, ule mpango wa kuzaa bure, iliisha NHIF, ile bima ya zamani, ilipokwenda, Oktoba 2024 ikaja SHA na Linda Jamii. Zamani mama alikuwa anaandikishwa yeye na mimba yake bila kulipa kitu, sahii kadi ya familia lazima iwe imelipwa. Asiye na payslip anapimiwa uwezo, chini kabisa ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 ya mwaka mzima. Laki 4 gawa kwa 3,600 ni familia 111, mwaka mmoja, halafu mnarudi sifuri. Na kadi haitoi damu wala haifungui mlango Jumamosi. Mkiwa na kidogo imebaki lipieni wale wenye mimba ya hatari, mapacha, waliowahi kupasuliwa, juu hao wataenda thieta na bili ya kupasuliwa haichezi. Wengine waandikishwe na CHP mapema wasingoje siku ya uchungu ndio wakumbuke hawana kitambulisho.

Kamwana_ka_Eastlands

Nimempigia shosho.

Walikuwa 12.

Mama_Mapacha

Pole kakangu. Mpeleke sukari na majani ukienda.

Mwana_wa_Musyi

Wadau nimerudi, mkutano ulikuwa jana, tulianza saa nane tukamaliza saa mbili usiku na soda mbili za mtu mmoja.

Nilisoma post ya sista kwa sauti yote, hiyo ya tochi kwa meno ndio iliwanyamazisha. Mwenzetu mwenye msiba hakuongea chochote mpaka mwisho, akauliza tu "kwa hivyo angekuwa na mlango angekuwa pale?" Hakuna mtu alimjibu. Kura ikapigwa, ambulensi ikapata 9.

Tumegawa hivi. Kanyumba, vyumba viwili na mabati na milango, laki 1 na 90, mchanga na mawe na kuchimba ni mwethya, kazi ya pamoja bila malipo, kina mama wa kijiji wamekubali hata kabla tuwaombe. Sola na betri 80, ya nyumba na ya chumba cha kuzalia. Tangi na mabomba 45. Nduthi 60, inakaa kwa simu ya kamati na CHP wa kwetu ndio anaandika orodha. Imebaki 25 na hapo ndio vita iko, mimi na wengine tunataka ilipie SHA ya wale wa hatari kama alivyosema Bw_Bajeti, mweka hazina anataka bango la jina la chama na rangi. Amesema hata mbuzi inapigwa chapa.

Mkunga wa kijiji pia tumempigia, ameambiwa yeye ndio wa kuleta mama na kukaa naye ndani. Aliuliza kama atakuwa anapewa uji pia. Ndio.

Barua ya kaunti ndogo tumepeleka kupitia kamati, imepigwa muhuri kwamba imepokelewa. Jibu bado, fundi hawezi anza mpaka hilo jibu lije, sista alinionya nimeshika hapo.

Na sista wetu wa dispensari nilipata namba yake nikampigia. Alidhani ninapiga kumlaumu, alianza kujitetea kabla nimalize salamu. Nilimuuliza tu oksitosini iko wapi. Akanyamaza kidogo akasema "iko kwa kabati." Nilimsomea ile ya friji. Amesema atauliza.

Sista_wa_Zamu

Asiulize. Aweke kwa kisanduku kimoja, aandike juu, aingize kwa friji ya chanjo leo. Mtu akimuuliza anipigie mimi. Nakutumia namba huko ndani.

NduthiBoss

Safi sana mzee wangu. Swali moja tu. Ule mto wenu wa mchanga hapo katikati, mvua ya mwezi wa kumi na moja ikishuka kutoka juu, nduthi inapita wapi?

Mwana_wa_Musyi

Haipiti. Hapo hatujafika.